Nililia, Ndiyo, Lakini Usukani Sikuuachia

Sawa. Kwa kuwa rafiki yangu Chidi ameshaimwaga kijiweni stori ya siku gari iliponitikisikia barabarani, na sauti yangu ameiigiza, naomba na mtuhumiwa asikilizwe. Anasema mambo matatu: nilipiga kelele, nililia, halafu nikaachia usukani nikafumba macho. Hilo la tatu ni uongo.

Hilux yangu mnaijua. Ile ya 1993, springi pleti mbele, ekseli moja nzima toka tairi hadi tairi kama lori. Ndiyo ile niliyowarushia picha wakati wa masika ikikata maji ya mafuriko pale Jangwani, nikaandika "wenye vigari poleni". Ishikeni hiyo picha, tutaihitaji.

Mwezi mzima ilikuwa inatikisika mbele. Si wakati wote. Ufike sabini, themanini hivi, tairi moja liguse shimo, basi usukani unakamatwa na degedege mpaka upunguze mwendo. Mtu mwenye akili angempelekea fundi. Mimi nikajiteua daktari. Nikapeleka tairi za mbele kwenye balansi, zikabandikwa risasi, ikatulia siku mbili. Nikabadilisha tairodi endi, vile viungo vya usukani kwenye tairi. Bado. Mwisho nikashuka Gerezani nikanunua shokapu ya usukani, nikaifunga mwenyewe uani usiku, mke wangu kanishikia tochi huku anapiga miayo.

Ikatulia! Siku tisa gari imenyooka kama imetoka meli jana. Nilitembea kifua mbele mtaa mzima. Nilimwambia Chidi mafundi wa mjini wanakula hela za watu bure, ugonjwa wenyewe huu hapa nimeutoa kwa spana mbili. (Hii sehemu Chidi kaisimulia sawasawa, sina pingamizi.) Kumbe shokapu ile haitibu kitu, kazi yake ni kuumeza mtikisiko tu. Mgonjwa ana malaria, mimi nimemziba mdomo asiugulie.

Siku ya kumi mama mkwe anakuja kutoka Singida. Basi lingemfikisha Mbezi Luis, na kutoka Mbezi hadi kwangu Kimara bajaji tu inatosha. Lakini mimi nina gari. Nikampigia: mama, shuka Kibaha, nakufuata mwenyewe. Hakuna aliyeniomba.

Nikaenda na Chidi. Mama akashuka na kuku wanne kwenye tenga, dumu la mafuta ya alizeti, na kimfuko cha dengu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, gari yako nzuri, imekaa kiume." Nikavimba. Mama mbele na mimi, Chidi nyuma kwenye bodi akiwa mlinzi wa kuku.

Sasa tulieni.

Barabara ya Kibaha mnaijua siku hizi, pana, inakutongoza ukanyage. Tumefika Kiluvya, darajani. Spidi themanini. Mama ananieleza bei ya alizeti mwaka huu, mimi naitikia "ehee mama", mkono mmoja kwenye usukani, kiwiko dirishani. Mkono mmoja! Pale lami inapokutana na daraja pana kijiufa, wewe hata hukioni. Tairi la mbele kushoto likakipiga. Tap.

Usukani ukaanza kutetemeka kama simu iliyowekwa mtetemo. Nikasema moyoni, shokapu mpya hii, itameza. Nikaitikia tena "ehee". Kabla sijafunga mdomo usukani ukanipokonya mkono, ukaenda kulia, ukarudi kushoto, ukaenda, ukarudi, kasi ambayo macho hayaifuati. Nikaukamata kwa mikono miwili. Hapo nikawa nimeshika jogoo anayechinjwa. Boneti inacheza. Kioo cha katikati kikang'oka kikaniangukia mapajani. Meno yanagongana, na Mungu ni shahidi, nilisikia kuku wanapiga kelele kwa sauti moja kama kwaya.

Nikakanyaga breki kwa nguvu. Wewe unayesoma, usikanyage breki kwa nguvu. Pua ya gari ikainama, uzito wote ukaja mbele, na ile ngoma ikawa ndiyo imepata wapigaji.

Hapo ndipo nilipopiga ile kelele. Nilisema, "Mamaaaa!"

Nieleweke. Nilikuwa namwita mama yangu mzazi, yuko Tanga. Aliyeitika ni mama mkwe.

"Nipo, baba. Toa mguu. Shika tu, usipigane nayo."

Sauti ya mtu anayemega ugali. Nikatoa mguu. Themanini ikawa sitini, ikawa arobaini, na ilipopita arobaini mtikisiko ukakatika ghafla, kimya, kama hakuna kilichotokea. Ila katikati ya ile sitini kile kidroo cha dashibodi kilifunguka chenyewe, kikamtapikia mama mapajani kila kilichokuwemo. Leseni yangu. Bisibisi. Na mikeka. Mikeka yangu yote ya kubeti ya tangu Januari, iliyochanika, jamani, sijui kwa nini naihifadhi.

Nikapaki pembeni. Machozi yalikuwa yanatoka, nakiri, ni vumbi na vitu vingine. Chidi akashuka nyuma, kapakwa mafuta ya alizeti kichwa kizima, unyoya mmoja sikioni, na tayari ameshika simu.

Pembeni ya barabara mbele kidogo palikuwa na kijana mwenye jeki chini ya mwembe. Tukajikokota spidi ishirini. Nikaanza kumpa historia ya ugonjwa, balansi, tairodi endi, shokapu. Hakunisikiliza. Akapiga jeki tairi la kushoto likaning'inia, akalishika juu na chini, akalitikisa. Kok, kok. Linacheza.

"Beringi ya tairi," nikasema, daktari bado sijajiuzulu.

"Nataka mtu akanyage breki," kijana akasema. Kabla sijazunguka, mama ameshahamia kwenye usukani wangu, amekunja kanga, amekanyaga.

Kok, kok.

"Bado inacheza?" mama akauliza kwa dirishani.

"Bado, mama."

"Basi beringi ya tairi ingetulia, breki imeishika. Hiyo ni kingpini, pale tairi linapogeukia likikata kona."

Kijana akamtazama mama. Halafu akanitazama mimi, muda mrefu. Marehemu baba mkwe alikuwa dereva wa lori, na kumbe breki za kupimia alikuwa anakanyagiwa na mkewe miaka yote hiyo. Mimi wangu nimempa tochi.

Mengine ni mafupi. Kesho yake ikafunguliwa, beringi ya kingpini, ya chini kushoto, ikatoka nyekundu kwa kutu, imechimbika vishimo, na grisi imekuwa uji wa rangi ya chai. Fundi akauliza, "Hii gari iliwahi kuzama kwenye maji?" Ile picha ya Jangwani nimeifuta, msiitafute. Beringi nne, juu na chini pande zote, sili mpya, grisi mpya. Jana nimepita daraja lile lile spidi themanini, mikono yote miwili, mtoto analala.

Kuku wako salama, ila hakuna aliyetaga mpaka leo.

Na mama hakusema neno kuhusu mikeka njia nzima. Nikadhani imeisha. Jioni tumekaa mezani, mke wangu anauliza hiyo kingpini imekula shilingi ngapi, nikamtajia. Mama akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa karatasi moja iliyokunjwa vizuri, akaisukuma mpaka mbele ya binti yake.

"Na hii ya timu kumi na mbili, baba, ni ya kifaa gani?"