Penalti ya pasi ilikuwepo kabla ya Cruyff

Kuna makala inayomsifu nyota wa Uholanzi Johan Cruyff kana kwamba penalti ya pasi, yaani mpigaji kumpasia mwenzake badala ya kupiga shuti golini, ilianza naye mwaka 1982. Jamani, Rik Coppens tunamwacha wapi? Juni 1957, Ubelgiji ikicheza na Iceland kuwania tiketi ya Kombe la Dunia, mshambuliaji huyu wa Beerschot aliusogelea mpira wa penalti, badala ya kupiga shuti akampasia André Piters pembeni, Piters akamrudishia, Coppens akatupia nyavuni. Mechi iliisha 8-3. Wala hakuwa mtu wa mbwembwe tu: mfungaji bora wa ligi ya Ubelgiji 1953 na 1955! Kiatu cha Dhahabu cha kwanza kabisa Ubelgiji, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, 1954, alikichukua yeye. Hata Waingereza aliwatia bao mwaka huohuo kwenye Kombe la Dunia kule Basel, Uswisi, mechi ikaisha sare ya 4-4.