Je, Marekani iifunge foleni ya ndugu?

Kwenye kabati la mama, Tanga, chini ya khanga ambazo bado hazijavaliwa, ipo bahasha ya kaki. Ndani yake mna karatasi ya mwaka 2009 inayosema ombi la mjomba limepokelewa. Mjomba alikuwa ameupata uraia wa Marekani, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwombea dada yake, yaani mama, viza ya kuhamia huko. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo nyumbani ikawa ni "tukiitwa": tukiitwa tutauza kabati, tukiitwa shule itakuwa hukohuko. Kiwanja cha Amboni kikaota magugu, maana nani anajenga nyumba ya kuiacha?

Naandika haya kwa sababu huko Marekani mjadala wa kuifuta viza ya ndugu hauishi, na wengi wetu tunausikia kama tusi. Mimi ni mtoto wa foleni hiyo, na bado naona wanaotaka ifungwe wana hoja ambazo hatujazijibu.

Kwanza tuelewane. Viza za familia za Marekani zina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mume au mke wa raia, mtoto wake asiye na ndoa aliye chini ya miaka 21, na mzazi wake ikiwa raia huyo ametimiza miaka 21. Hapo hakuna ukomo wa idadi. Ni makaratasi, ada na usaili. Mlango wa pili una idadi maalumu kwa mwaka. Humo wamo watoto wakubwa wa raia, na wake, waume na watoto wa wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi huko daima bila uraia. Mwisho kabisa wa mstari wanakaa ndugu wa raia, yaani kaka na dada tu. Binamu, mama mdogo, mtoto uliyemlea tangu ananyonya: sheria hiyo haiwajui.

Ndugu wana nafasi 65,000 kwa mwaka, dunia nzima. Na kila ndugu anayeitwa huja na mwenza na watoto wake, na wote wanatolewa kwenye hizohizo 65,000. Kwa hiyo familia moja inaweza kula nafasi tano au sita. Mwishoni mwa 2025 walikuwa wakihudumiwa walioombewa mwanzoni mwa Januari 2008. Kwa Mexico ilikuwa bado ni 2001, kwa kuwa nchi moja haiwezi kuchukua zaidi ya asilimia 7 ya viza hizi zenye idadi.

Wanaotaka ifungwe huanzia hapo. Wanaosubiri wanazidi milioni 2. Gawanya kwa 65,000: anayeombewa leo anaahidiwa kitu cha zaidi ya miaka 30. Ahadi hiyo ni ya nani? Mwaka 1995 tume iliyoongozwa na Barbara Jordan, aliyekuwa mbunge wa Texas na mwanamke Mweusi aliyeheshimika sana katika siasa za nchi hiyo, ilipendekeza nafasi za ndugu na za watoto wakubwa wa raia zifutwe, ili mke na watoto wadogo wa mwenye kadi ya kijani wasikae miaka wakisubiri. Hoja hiyo inaniuma kwa sababu ni ya haki. Ukiniuliza nani aitwe kwanza, mtoto wa miaka minne aliyetenganishwa na baba yake au mama yangu aliyetenganishwa na kaka yake, sina ujasiri wa kumtaja mama. Mwaka 2013 Baraza la Seneti lilipitisha kwa kura 68 dhidi ya 32 muswada uliokusudia kufunga maombi mapya ya ndugu. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura, na foleni ikabaki.

Ipo pia hoja ya ujuzi: kwamba nchi ichague wahamiaji kwa elimu na kazi, si kwa damu. Kanada haina foleni ya ndugu ya namna hii. Humpa anayeomba ukaazi wa kudumu kwa ujuzi wake wa kazi alama 15 za nyongeza akiwa na kaka au dada huko. Hoja hii hainitikisi sana. Mtu anayefika mahali ambapo kaka yake ameshakaa miaka 20 hafiki mikono mitupu. Analala kwa nduguye, anaonyeshwa njia ya kazini, watoto wanaangaliwa na shangazi. Tena anayemwombea hutia saini mkataba wa kumtunza, akithibitisha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali. Mzigo huo unawekwa na sheria mabegani mwa familia.

Wanaoitetea foleni wana hoja moja kubwa zaidi ya hiyo, na Mswahili haihitaji kufafanuliwa. Ndugu si mtu wa ziada. Aliyelipiwa ada na dada yake, akavishwa na dada yake, akiwa mtu mzima deni hilo halilipiki kwa kutuma hela tu. Mjomba alisomeshwa na mama kwa kuuza maandazi. Sheria inayosema mke ni familia na dada ni jamaa tu imechora mstari mahali ambapo sisi hatuna mstari.

Na ajabu ya historia ni kwamba nafasi hii haikuwekwa kwa ajili yetu. Sheria ya 1965, iliyoondoa mgawo wa viza uliowapendelea watu wa Ulaya Kaskazini na Magharibi, ilitanguliza familia kuliko ujuzi kwa msukumo wa mbunge Michael Feighan wa Ohio. Wengi waliounga mkono walitarajia ndugu wa Wazungu waliokwisha kuwepo ndio watakaojaza nafasi. Waliozijaza ni Waasia, Walatini, na baadaye sisi.

Sasa nirudi kabatini, kwa sababu pande zote mbili huizungumzia siku ya kuitwa na kuisahau miaka ya katikati.

Mwaka 2016 binti wa mjomba aliolewa. Mama aliomba viza ya matembezi ya wiki tatu. Fomu inauliza kama umewahi kuombewa uhamiaji, naye akajibu kweli: ndiyo. Sheria inamtaka afisa amchukulie kila mwombaji wa matembezi kuwa anataka kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo. Mwenye ombi kama la mama anaanza na mlima. Alinyimwa. Ombi lililokusudiwa kumkutanisha na kaka yake ndilo lililomzuia kumwona.

Halafu makaratasi. Undugu unathibitishwa kwa vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha mzazi mmoja kwa uchache. Cheti cha mjomba kina jina la babu kama lilivyo. Cha mama, kilichokatwa ukubwani, kina jina la utani ambalo babu aliitwa mtaani. Tumeshakula viapo viwili kueleza kwamba huyo ni mtu mmoja.

Na mimi nimeshatoka kwenye foleni. Mtoto huhesabiwa akiwa chini ya miaka 21, ingawa sheria ya 2002 inaruhusu kupunguza kwenye umri wake muda ambao ombi lilikaa bila kuidhinishwa. Letu lilikaa miaka minne. Mwaka 2025 nilitimiza 25. Toa minne, 21. Mdogo wangu wa mwisho, mwenye miaka 18, bado yumo. Mama akiitwa ataondoka na mmoja na kumwacha mwingine. Mjomba naye ana miaka 68, na mwombaji akifa, kwa kawaida ombi hufa naye, labda ikubaliwe kuhuishwa kwa huruma na apatikane jamaa mwingine wa kudhamini.

Kwa hiyo nasema hivi, nikijua mama hatapenda. Nafasi za ndugu ziongezwe hadi mtu aitwe ndani ya miaka mitano au sita, watoto wake wakiwa bado watoto. Kama Bunge lao halitaki kuziongeza, basi lisipokee maombi mapya, liwahudumie waliomo hadi wa mwisho, na liwaruhusu kutembeleana wakati wanasubiri. Kuendelea kupokea ada ya dola 675 kwa ombi litakaloiva baada ya miaka 30 ni kumuuzia mtu tumaini kwa fedha taslimu.

Desemba 2025 tangazo la rais liliiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamesimamishiwa viza za uhamiaji, kuanzia Januari 1, 2026. Mjomba alipiga simu usiku, wakazungumza muda mrefu. Mama hajalifuta ombi, na bahasha ameirudisha chini ya khanga. Wiki iliyofuata alimtuma fundi Amboni akafyeke magugu, na sasa msingi umeshapanda kozi tatu.