Presha Imeshuka

Mama mkwe wangu alitua Uingereza wiki ya pili ya Januari akitokea Pangani, na sanduku lake lilikuwa na kila kitu isipokuwa sweta. Mlikuwa na doti nane za khanga, vidonge vyake vya presha vya miezi mitatu, na mkeka wa ukindu aliousuka mwenyewe uwe zawadi ya sebule yetu.

Tunakaa Coventry, nyumba ya kupanga, ghorofa moja. Kwetu ukisema rejeta mtu anafungua boneti ya gari. Huku kila chumba kina ya kwake, bapa la chuma limepigiliwa ukutani chini ya dirisha, na maji ya moto yanatoka kwenye boila jikoni, yanazunguka ndani ya hayo mabapa, yanarudi. Yakizunguka, unasahau kama yapo. Yakigoma, utakumbuka mpaka jina la mjumbe wenu wa nyumba kumi.

Siku ya tatu nikamkuta mama jikoni, amejifunga khanga mbili juu ya koti langu.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba, Baba Rehema. Mimi nimeamka. Miguu bado."

Rejeta ya chumbani kwake ilikuwa imekufa. Sasa hapa wenye wakwe watanielewa. Chumba cha mama mkwe huingii ukajiachia. Unapiga hodi mara tatu, unaingia ubavu ubavu, macho unayapeleka darini. Nilipapasa ile rejeta kwa mgongo wa mkono huku nikikagua taa. Kwenye pembe yake mama alikuwa ametundika khanga, imeteremka mpaka chini, imeandikwa *Siri ya mtungi aijuaye kata*. Sikuigusa. Khanga ya mkwe unaifunua ukamwambie nani?

Miaka sita ya kukaa huku ilikuwa imenifundisha mambo mawili ya rejeta. Ikiwa ya moto chini na baridi juu, kuna hewa imenasa. Ikiwa ya moto juu na baridi chini, tope la kutu limetuama. Hii ilikuwa baridi juu, baridi chini, baridi kushoto na kulia, kama mlango wa friji. Somo langu halikufika huko. Nikaamua ni hewa, kwa kuwa kifaa cha kutolea hewa ndicho nilichokuwa nacho: kijifunguo cha shaba kinachokaa droo moja na vijiko vya chai.

Mke wangu ni muuguzi, alikuwa anaelekea zamu ya usiku. "Baba Rehema, mpigie wakala alete fundi."

"Fundi wa nini? Hewa tu hiyo."

Alinitazama kama wanavyomtazama mgonjwa anayekataa sindano, akaondoka.

Nilianza vizuri, lazima niseme. Nikazima boila, nikachukua kitambaa na kikombe, nikapiga hodi mara tatu. Juu ya rejeta, pembeni, kuna skrubu ndogo. Unaizungusha kinyume cha saa robo mzunguko tu, hewa inatoka inafanya pssss kama tairi ya baiskeli, maji yakianza kudondoka unafunga. Nikazungusha robo. Hakuna pssss. Yakaja maji moja kwa moja.

Mtu mwenye akili hapo anafunga, maana maji yakitoka ndiyo kusema hewa hamna. Mimi nikajiambia hewa iko nyuma ya maji. Nikaongeza nusu. Nikaongeza nyingine.

Skrubu ikaruka. Niliisikia ikigonga mguu wa kitanda, halafu sikusikia tena, kwa sababu maji yalikuwa yananipiga kifuani. Na hayakuwa maji ya kunawa uso. Chuma kikikaa na maji miaka mingi bila hewa kinatoa kutu nyeusi, laini kama unga, na ile yote ilikuwa imenisubiri mimi. Weusi ule ni wa wino wa ngisi. Ukapita begani, ukachora ukuta, ukashuka kwenye zulia la mwenye nyumba, zulia rangi ya maziwa.

Nikaziba tundu kwa kidole gumba. Maji yakatafuta njia pembeni ya kucha, yakaniingia kwenye mkono wa shati hadi kwapani.

"Mama! Beseni!"

Akaja na sufuria ya pilau. Akaniona nimepiga magoti chumbani kwake, mweusi tii, nimeshika ukuta kwa kidole kimoja.

"Ya Rabi. Unafanya nini?"

"Skrubu, mama. Imeingia chini ya kitanda."

Na mimi siwezi kuachia. Kwa hiyo aliyeingia uvunguni alikuwa mkwe wangu, miaka 67, na tochi ya simu mdomoni, mimi nimegeukia dirishani kwa heshima. Akatoa kandambili. Akatoa kitana. Akatoa mfuko wa karafuu ambao hakuwa amemwambia mtu. Skrubu ikawa ya nne.

Tulipofunga nikashuka jikoni kuwasha boila. Ikakataa. Mshale wa kipimo chake, ambao jioni ulikuwa unaonyesha 1.2, ulikuwa umelala kwenye sifuri.

"Kuna nini tena?" mama akauliza.

"Presha imeshuka."

Akavuta kiti. "Pole, mwanangu. Tangu lini?"

"Si mimi. Ni boila."

"Boila nayo?"

"Imefika sifuri."

"Sifuri ni maiti hiyo."

Dawa yake ni mpira wa maji uliosukiwa waya, uko chini ya boila, wenye vali mbili. Unafungua taratibu, maji ya bomba yanaingia, mshale ukifika kati ya 1 na 1.5 unafunga. Nilifungua. Mama akaniita nikamwonyeshe sabuni ya kufulia zulia. Niliporudi mshale ulikuwa umepita 3, na huko nje, kwenye kibomba cha shaba kinachotokeza ukutani, boila ilikuwa inajikojolea uani.

"Sasa imepanda, mama."

"Si ulisema imeshuka?"

"Ilishuka. Sasa imepanda."

"Basi umezidisha chumvi," akasema, akarudi kusugua.

Nikapunguza maji kwa ileile skrubu, safari hii sufuria chini na mkono ukitetemeka, robo mzunguko wala si zaidi. Saa saba usiku boila ikaunguruma. Rejeta zote zikapata moto, hadi ya chooni. Ya mama ikabaki friji.

Nilikaa sakafuni. Mama akanihurumia, akaitwaa ile khanga pembeni ya rejeta anifutie uso. Nyuma yake kulikuwa na koki, ile ya kuzungusha yenye namba 1 mpaka 5. Haikuwa kwenye namba yoyote. Ilikuwa kwenye alama ya kinyota cha theluji, mahali pa kuzuia tu mabomba yasigande, nyuzi 6 au 7 basi.

"Mama. Hii nani kaigusa?"

"Mimi, siku ile nilipofika. Namba sikuzielewa. Nikaona moja ina picha ya theluji, nikatazama nje, theluji. Nikaweka ya theluji."

Nikazungusha hadi 4. Dakika tano bomba likaanza kugonga tik, tik, na chuma kikapata joto mkononi mwangu.

Mke wangu alirudi asubuhi kwa mlango wa nyuma, akishikilia ukuta. "Nani kamwaga maji uani? Barafu tupu!" Akapanda juu kumwamkia mama yake. Chumba kilikuwa cha moto. Chini ya dirisha, kutoka kwenye rejeta hadi kitandani, umetandikwa mkeka wa ukindu.

"Mama, huu si ulisema wa sebuleni?"

"Nimeona hapa unapendeza," akasema, na kunitazama mimi. Nikapeleka macho darini.