Programu ya klabu za chuo imtumikie katibu kwanza

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinapofungua mwaka wa masomo, klabu ndilo jambo la mwisho kichwani mwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Anahangaika na usajili kwenye ARIS, chumba hakijapatikana, boom (pesa ya kujikimu ya mkopo) haijasainiwa, na kutoka madarasa ya Yombo kwenda ukumbi wa Nkrumah bado anaulizia njia. Wiki hiyohiyo ndiyo ambayo klabu na vyama vinamhitaji kuliko wiki nyingine yoyote. Wanaomwahi ni vyama vya dini, kwa sababu vimejipanga miaka mingi: TMCS ya Wakatoliki, MSAUD ya Waislamu, USCF, CASFETA, TUCASA na wenzao. Vina watu wa kumpokea, kumwonyesha bweni na kumjulia hali jioni. Klabu ya mdahalo, ya mazingira, ya ujasiriamali, au CHAWAKAMA inayowaunganisha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, humfikia kwa bahati tu.

Kutokana na hali hiyo kuna wazo linalorudi kila mwaka, hasa kwa wanafunzi wa kompyuta wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho: tutengeneze programu ya simu itakayoorodhesha klabu zote za chuo, mwanafunzi achague anayoipenda, abonyeze "jiunge", basi. Wazo ni zuri na ninaliunga mkono. Ninachopinga ni mahali linapoanzia. Programu nyingi za aina hii zinachorwa kwa kumfikiria anayetafuta klabu, wakati mtu atakayeamua kama programu itaishi au itakufa ni katibu wa klabu.

Tuwape kwanza wanaoitaka haki yao. Angalia tangazo la klabu ukutani. Karatasi ya A4 imebandikwa juu ya karatasi nyingine, kona moja imeng'oka, chini kuna jina moja na namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mkutano ulikuwa Jumamosi, ila Jumamosi ipi haijasemwa. Mwenye namba huenda alishahitimu na sasa yuko Mbeya anatafuta kazi. Aliyeona tangazo hilo hana namna ya kujua kama klabu bado ipo, inakutana wapi, ina ada au haina, na kama mtu asiyewahi kushika kipaza sauti anaruhusiwa kuingia klabu ya mdahalo.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Ile namba ukutani mara nyingi ni ya mwanaume, na ni namba yake binafsi. Binti wa miaka kumi na tisa aliyefika mjini juzi anatakiwa ampigie mtu asiyemjua, amwachie namba yake, aanze kuchati naye, ndipo ajue saa ya mkutano. Wengi hawapigi, na wana sababu. Programu inayomruhusu kusoma kila kitu bila kujitambulisha, kisha kufika mkutanoni akiwa na rafiki yake, inamwondolea kikwazo ambacho tangazo la ukutani na grupu la WhatsApp vimekiacha palepale. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande huo. Inamhusu pia mwenye ulemavu anayehitaji kujua mapema kama chumba cha mkutano kipo ghorofani, na kijana aliyetoka shule ya kata isiyowahi kuwa na klabu yoyote, ambaye hana kaka wala dada chuoni wa kumnong'oneza mambo.

Upande wa pili nao haubezeki. WhatsApp tayari ipo kwenye simu ya karibu kila mwenye simu janja. Haihitaji kupakuliwa, kila mtu anaijua, na bando la mitandao ya kijamii ni nafuu kuliko la intaneti ya kawaida. Grupu moja hubeba watu 1,024, idadi inayozitosha klabu nyingi. Simu ya mwanafunzi yenyewe imejaa: picha, video za mihadhara, PDF za kila somo. Ukimwambia apakue programu atakayoitumia wiki moja kwa mwaka, anaifuta siku ya kwanza hifadhi ikigoma. Kwa hiyo wanaouliza kwa nini tusiweke tu orodha ya linki za magrupu wakaishia hapo, wanauliza swali la haki.

Jibu langu ni kwamba grupu ni zuri kwa aliyekwisha ingia, ila ni baya kwa anayechungulia. Ukiingia, namba yako inaonekana kwa wote. Ukitoka, maadmini wanaarifiwa. Linki yenyewe husambaa hadi kwa wauza mikopo na wauza dawa za kuongeza nguvu, admini anaibadilisha, na linki iliyobaki kwenye tangazo inakuwa imekufa. Lakini pia hakuna haja ya programu ya kupakuliwa. Ukurasa mwepesi wa wavuti, unaofunguka kwenye simu ya bei ndogo na kubaki kwenye kumbukumbu ya simu hata bando likiisha, unafanya kazi yote inayohitajika. Na kuna gharama ambayo wabunifu wanaisahau: akaunti ya kuweka programu kwenye duka la Google ni dola 25 mara moja, ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na Google hudai programu ziendane na matoleo mapya ya Android, la sivyo wenye simu mpya hawaioni dukani. Mwanafunzi aliyeitengeneza akihitimu, ni nani atalipa, na ni nani atagusa msimbo wake?

Hapo ndipo tunarudi kwa katibu.

Katibu wa klabu ni mwanafunzi pia. Ana tesiti, ana diskasheni, wiki za UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, anapotea kabisa. Anashika nafasi kwa mwaka mmoja kisha anakabidhi, na makabidhiano yenyewe mara nyingi ni daftari moja na namba za watu watatu. Ukimpa programu yenye fomu ya kurasa nne, inayotaka nembo, picha ya jalada, dira, dhima na kalenda ya mwaka mzima, ataijaza mara moja kwa moyo wote na hatairudia tena. Mwaka unaofuata programu ina klabu nyingi, nusu hazipo. Mwanafunzi akifuata taarifa ya uongo mara moja, akakuta vimbweta (meza na benchi za nje wanakokaa wanafunzi) vitupu, harudi. Wala hahitaji mara ya pili.

Vyuo vya Marekani vinatumia mifumo ya kununuliwa kama CampusGroups na Engage, na wabunifu wetu hupenda kuiiga kwa sura. Wanachokosa kuiga ni ofisi iliyo nyuma yake: kuna wafanyakazi wa kulipwa ambao kazi yao ni shughuli za wanafunzi, wanaozikumbusha klabu na kufuta zilizokufa. Sisi hatuna hao, kwa hiyo mfumo wenyewe lazima ubebe kazi hiyo. Ningeanza na ujumbe mfupi wa kawaida kwenda kwa katibu wiki ya pili ya kila muhula: "Klabu yako bado inakutana Alhamisi saa 11 jioni, vimbweta vya nyuma ya maktaba? Jibu 1 kama ndiyo, 2 kama imebadilika." Ujumbe huo unafika hata kwenye kiswaswadu, simu ndogo isiyo janja. Asipojibu baada ya kukumbushwa, klabu inashuka chini ya orodha ikiwa na maneno yanayosomeka wazi: haijathibitishwa muhula huu. Kila klabu iwe na wasimamizi wawili, na mmoja wao asiwe wa mwaka wa mwisho.

Najua pingamizi lake. Klabu ndogo yenye viongozi waliobanwa itaadhibiwa ilhali ipo na inakutana. Ni kweli, na zitakuwepo za namna hiyo. Bado naona afadhali klabu hai moja ikose nafasi ya juu kwa wiki tatu kuliko wanafunzi wapya mia wapelekwe kwenye mikutano isiyokuwepo. Na hiyo nafasi ya juu isigawiwe kwa wingi wa wanachama. Ukipanga orodha kwa ukubwa, chama kikubwa kinazidi kukua kwa sababu tu kilikuwa kikubwa. Ipangwe kwa mkutano ulio karibu: kinachokutana leo kwanza, cha kesho baadaye. Hapo klabu ya watu tisa inasimama juu ya chama cha watu elfu mbili, angalau siku yake ya mkutano.

Kitufe cha "jiunge" nacho ningekiondoa. Kubonyeza hakugharimu kitu. Mwanafunzi atabonyeza kumi na tano kwa dakika moja, katibu atajaa matumaini, na Alhamisi watakuja wale wale. Kiwepo cha "nitakuja", kikiwa na tarehe na mahali, kisichodai jina. Uanachama ukamilike ana kwa ana, kama ulivyokuwa siku zote. Na kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya waliofungua ukurasa. Viongozi waulizwe swali moja mwisho wa muhula: wangapi waliokuja mara ya kwanza walirudi mara ya pili?

Kutodai jina kuna sababu nzito zaidi ya wepesi. Orodha moja inayoonyesha kila mwanafunzi yumo katika chama gani ni orodha ya imani za watu na misimamo yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka imani ya dini na maoni ya kisiasa katika taarifa nyeti. Na Mlimani, yaani chuo hiki chenyewe, ina historia yake. Mwaka 1967 wanafunzi walianzisha USARF, chama cha kimapinduzi kilichokuwa na watu kutoka nchi kadhaa za Afrika, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wake. Kilifanya kazi hadharani, kikajadili, kikachapisha jarida la Cheche. Mwaka 1970 kikapigwa marufuku. Klabu iliyo halali leo inaweza isiwe halali mwakani, na mwanafunzi aliyehudhuria mara moja kwa udadisi hastahili kubaki kwenye kumbukumbu za kompyuta ya mtu. Wanaotaka usajili kamili wanasema ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi tayari ina majina ya viongozi wa vyama vilivyosajiliwa. Sawa, ila kiongozi alikubali kujulikana. Aliyekaa kiti cha nyuma akisikiliza hakukubali.

Linabaki suala la nani ashike funguo. Serikali ya wanafunzi, DARUSO, iko karibu na klabu, lakini hubadilika kila mwaka na uchaguzi wake una ushindani. Uongozi mpya unaweza kuziweka klabu za wapinzani wake chini. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi inadumu, lakini ndiyo hiyohiyo inayoweza kufungia klabu. Mimi ningeipa ofisi jukumu la kulipia seva na jina la tovuti, DARUSO jukumu la kuwakumbusha makatibu, na msimbo ukae wazi kwenye kitengo cha kompyuta, ili kila kundi la mwaka wa mwisho lirekebishe ulioachwa na waliotangulia badala ya kuanza mwingine. Anayetaka mradi wa kuhitimu mwaka huu aanze kwa kuwatafuta makatibu kumi, awaulize mara ya mwisho walibadilisha lini tangazo lao na kwa nini, kabla hajachora skrini hata moja.