Brno Imesema, Unguja Bado Tunanong'ona

Usiku wa tarehe 30 Mei 1945, wiki tatu tu baada ya vita kumalizika Ulaya, Wajerumani wa mji wa Brno, katika nchi ya Wacheki, ambako ninaishi na kulea wanangu, walitolewa majumbani mwao wakaswagwa kwa miguu kuelekea mpaka wa Austria. Walikuwa zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee, na mamia walikufa kwa njaa na kuhara damu walipofika Pohořelice, mji mdogo ulioko njiani. Miezi miwili baadaye, katika mji wa Ústí nad Labem, ghala la silaha lililipuka, na kabla chanzo hakijachunguzwa, askari na raia waliwavamia Wajerumani, waliotambulika kwa kitambaa cheupe walicholazimishwa kuvaa mkononi, na baadhi yao wakatupwa mtoni kutoka darajani. Sheria namba 115 ya mwaka 1946 ikaja kutamka kwamba vitendo vilivyokusudiwa kuwa malipizi ya haki dhidi ya Wanazi walioikalia nchi havikuwa kosa.

Wacheki walikuwa na machungu ya kweli, kwani Wanazi waliteketeza kijiji kizima cha Lidice mwaka 1942. Lakini mtoto aliyefia Pohořelice hakuteketeza kijiji cha mtu.

Mwaka 2015 baraza la mji wa Brno lilitangaza majuto yake hadharani, na kila mwaka watu huifuata njia ile kwa mwelekeo wa kinyume, kutoka Pohořelice kurudi mjini. Wapo wanaopinga, tena kwa ukali, ila wanapinga mbele za watu.

Mimi ni Mzanzibari. Kwetu pia, Januari 1964, watu walihukumiwa kwa nasaba zao: Waarabu wengi waliuawa, wengine wakawekwa kambini kisha wakapakiwa vyomboni kupelekwa Arabuni, na baadaye zikaundwa mahakama za wananchi ambamo mshitakiwa hakuruhusiwa wakili. Dhulma zilizotangulia, za utumwa na za ardhi, nazijua wala sizipunguzi. Hata hivyo kila tarehe 12 Januari gwaride hupita, na habari za waliouawa hubakia kuzungumzwa barazani kwa sauti ya chini, baada ya kutazama nani amekaa karibu. Ninachowaomba viongozi wetu ni kwamba waliouawa bila ya kuhojiwa watajwe kwa majina, na makaburi yao yaonyeshwe, maadamu wazee wanaoyajua wangali hai.