Kunyamaza mbele ya rulaje, polisi wa barabarani: kimya kinafunika nini?

Video za mawakili wa Marekani zinazozunguka kwenye WhatsApp hapa Lubumbashi zina shauri moja: polisi akikusimamisha ukiwa umekunywa, usiseme kitu. Shauri si baya, ila limefika kwetu nusunusu.

Hata huko kwao, onyo la haki ya kunyamaza, lililotokana na kesi ya Miranda ya 1966, linamhusu aliye mikononi mwa polisi. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliamua kwamba dereva aliyesimamishwa tu kando ya barabara kwa kawaida hajafika hapo. Damu iliyochukuliwa kupimwa pombe haikuhesabiwa kuwa maneno, na tangu 1983 kukataa kupimwa kunaweza kutajwa kortini dhidi yako. Kimya kinafunika ulimi. Pumzi, macho mekundu na gari lililopanda ukingo viko nje yake.

Kwetu Kongo, msingi upo. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inataka anayekamatwa aelezwe papo hapo sababu na haki zake, kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana na familia au avoka (wakili). Kifungu cha 19 kinampa haki ya kusaidiwa na avoka tangu uchunguzi wa polisi. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, kifungu cha 14, unakataza kumlazimisha mshtakiwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Wanaotetea kimya wana hoja ambayo zile video haziigusi. Polisi asiye na alkotesti (kipimo cha pombe kwenye pumzi) mkononi anaandika alichoona, alichonusa na ulichosema. Kwa hiyo maneno yako yana uzito zaidi kwenye Chaussée de Kasenga kuliko Chicago. Chukua lile jibu la kila mtu: "Shefu, nimekunywa mbili tu." Chupa mbili za santilita 65, bia ya asilimia 5, zina gramu 52 hivi za pombe. Kwa mwanaume wa kilo 70 hiyo inakaribia gramu 1 kwa lita ya damu, mara mbili ya kiwango cha Ufaransa cha 0.5. Mwili unaondoa takriban gramu 0.15 kwa lita ya damu kila saa, kahawa iwepo isiwepo. "Mbili tu" ni kukiri kulikovaa nguo ya kujitetea.

Lakini kimya kikavu dirishani kina gharama yake. Jina, permi, karti rozi (kadi ya gari) na asiransi si maswali ya pombe. Ukiyakataa unampa sababu mpya ya kukupeleka kwa OPJ (ofisa wa polisi anayechunguza makosa), na pale unaweza kulala kasho hadi saa 48 za kisheria kabla ya kuachiliwa au kupelekwa mbele ya parke (ofisi ya waendesha mashtaka). Wapo pia wanaosoma kimya chako kama kusubiri bei. Ukitoa matabishi, noti imesema ulichoficha, na sheria ya rushwa inamshika anayetoa pamoja na anayepokea.

Kwa maoni yangu, wanaosema "nyamaza" wana haki kuhusu neno, wamekosea kuhusu mahali. Dirishani, salamu na karatasi, kisha: "Shefu, papiye ni hizi. Kuhusu pombe nitajibu avoka wangu akiwepo." Usiseme "sijakunywa" wakati mdomo unanuka; uwongo mmoja unachafua hata yale ya kweli utakayosema baadaye. Akileta alkotesti, kupuliza hakuhusiani na kunyamaza. Na ikiwa kweli umekunywa, funguo apewe mwenye akili timamu, hata kama rulaje amekuruhusu kuendelea. Kushinda mabishano hakupunguzi gramu hata moja.

Kimya chenyewe kinafanya kazi mezani, PV (hati ya mahojiano) inapoandikwa. OPJ anauliza kwa Kiswahili na kuandika Kifaransa, kisha anaifunga kwa kiapo kwamba ni ya kweli. Hapo katikati "nilionja" inaweza kugeuka "nilikunywa sana". Omba isomwe kwa lugha yako, swali kwa swali. Ulipokataa kujibu, iandikwe kwamba umekataa hadi avoka afike, nafasi isiachwe tupu. Kosa lolote lirekebishwe kabla hujasaini. Likikataliwa kurekebishwa, usisaini, na uombe sababu yako iandikwe humohumo.