Mtandao usio na mwenyewe: hodi tupige kwa nani?

Likelemba, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, ya akina mama pale Katuba, Lubumbashi, haina muhuri wala karatasi ya serikali. Ina daftari lililokunjika pembe na mama anayelishika. Fungu lako lisipofika siku yake, unajua mlango wa kubisha.

Vijana wetu sasa wananunua tokeni, yaani sarafu za kidijitali, za mitandao ya kompyuta inayosifiwa kuwa haina mkubwa, inayoitwa DAO: wenye tokeni wanapiga kura, programu inatekeleza. Mambo yakiharibika, nani aulizwe?

Marekani imejibu kwa ukali. Agosti 2021 waanzilishi wa bZx, mfumo wa kukopeshana na kuuziana sarafu za kidijitali, waliwaachia wenye tokeni usimamizi wake, ukaja kuitwa Ooki DAO. Mwaka uliofuata CFTC, wasimamizi wa masoko, wakaushtaki. Wito wa mahakama wakautumbukiza katika kisanduku cha gumzo cha tovuti yake. (Natamani ningeiona sura ya aliyeusoma kwanza.) Kwao, aliyepiga kura ni mwanachama. Juni 2023 ikatoka faini ya dola 643,542.

Watetezi wanasema programu iliyoachiwa, ambayo hata mtunzi hawezi kuigusa tena, haina mwenyewe. Si porojo: Novemba 2024 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba programu za namna hiyo za Tornado Cash, huduma ya kuficha sarafu za kidijitali zimetoka wapi, si mali ya mtu, hivyo haziwekewi vikwazo vya serikali. Lakini Mei ya mwaka huohuo Uholanzi ilikuwa imemhukumu Alexey Pertsev, mmoja wa watunzi wake, miezi 64 jela kwa kutakatisha fedha.

Mimi ningeuliza nani anashika ufunguo wa kubadilisha. Mwaka 2016, etha milioni 3.6, sarafu za mtandao wa Ethereum, zilipochotwa kutoka The DAO, mfuko wa pamoja uliokuwa juu ya mtandao huo, wengi katika Ethereum walikubaliana kuibadilisha leja, daftari lao la miamala, ili pesa zirudi. Kumbe wakubwa wapo, wakitaka.

Ninayemhofia ni mwenye tokeni kumi. Kongo imo OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu 2012, na sheria ya makampuni ya OHADA inaijua société créée de fait, kampuni iliyozaliwa kwa vitendo tu: watu wakifanya kazi kama washirika bila kuunda kampuni, hakimu anaweza kuwahesabu washirika, kila mmoja akadaiwa deni lote, hata kwa mali yake ya nyumbani. Ikitumika hapa, mwanzilishi atakuwa ng'ambo na wakili wake. Kijana wa Katuba aliyebonyeza "ndiyo" mara moja, akisubiri wateja, atapatikana jioni hiyohiyo: laini yake ya simu imeandikwa jina lake.